Kuvunjika kwa kiungo cha taya: apasuliwe au afungwe nyaya?

Swali
Habari zenu, ndugu. Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 31, alianguka akagonga kidevu, na picha zinaonyesha kwamba shingo ya kondili, yaani sehemu ya taya la chini inayobeba kile kichwa kinachocheza mbele ya sikio, imevunjika upande wa kushoto. Daktari wa kwanza anataka meno yafungwe kwa nyaya na raba kwa wiki mbili. Wa pili anataka kumpasua na kuweka bamba la titani. Mbona wanatofautiana kiasi hicho juu ya mfupa mmoja?

Jibu la 1
Ndugu, jambo kubwa ni mfupa umehama kiasi gani. Msuli ulioshikamana na kichwa cha taya hukivuta kipande kilichovunjika kuelekea ndani na mbele, taya likafupika upande huo, magego yakagusana mapema na meno ya mbele yakabaki wazi. Utafiti wa vituo kadhaa uliochapishwa mwaka 2006 uliwahusisha watu wazima ambao mfupa wao ulikuwa umepinda kwa digrii 10 hadi 45, au taya limefupika kwa milimita 2 au zaidi: njia zote mbili zilitoa matokeo ya kuridhisha, lakini waliopasuliwa walikuwa na nafuu zaidi. Ulizia vipimo hivyo viwili.

Jibu la 2
Naongeza upande wa pili. Neva ya uso hupita ndani ya tezi ya mate, karibu sana na mahali pa kuchanja, na ikivutwa uso hulegea, kwa kawaida kwa muda, mara chache moja kwa moja. Mimi nilipopasuliwa, mdomo ulikwenda upande kwa miezi miwili kila nilipocheka, ingawa sikuwa na mengi ya kuchekea. Kwa watoto madaktari wengi huepuka kisu, kwa kuwa mfupa wao bado unakua na hujirekebisha.

Muulizaji
Ahsanteni. Nimeambiwa ni digrii 30 na milimita 5, na meno hayakutani.

Jibu la 1
Basi hoja ya daktari wa pili ina uzito. Muulize pia mazoezi ya kufungua kinywa yataanza lini, kwa maana kiungo kisichochezeshwa hukakamaa, awe amepasuliwa au amefungwa nyaya.