Naomba ushauri: kukadiria b pekee wakati a inajulikana

Mwenye uzi, Lamu
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ninamwekea ami yangu hesabu za boti yake ya abiria. Kila safari hutumia lita 2 za petroli kabla ya kushika njia, kiasi tulichokipima kwa dumu, na zinazobaki hutegemea saa za mwendo; kwa hiyo katika y = a + bx (y ni lita, x ni saa) ninaijua a, nisiyoijua ni b, yaani lita kwa kila saa. Safari za saa 1, 2 na 4 zilitumia lita 11, 22 na 38. Nilitoa 2, nikagawanya kwa saa, nikapata 9, 10 na 9, yaani wastani wa 9.33. Programu ya kompyuta yasema a ni 3 na b ni 8.86. Nifuate lipi?

Mchangiaji wa Malindi
Waalaykum salaam. Programu imekadiria vitu viwili ilhali wewe watafuta kimoja. Ukipunguza jumla ya miraba ya (y − 2 − bx) hadi iwe ndogo kabisa, b huwa jumla ya x(y − 2) ikigawanywa kwa jumla ya miraba ya x, yaani 193/21, ambayo ni 9.19. Mabaki yako (lita halisi ukitoa zilizokadiriwa), −0.19, 1.62 na −0.76, hayajumliki kuwa sifuri, na hilo lisikutie shaka, kwani sharti hapa ni kwamba kila baki likizidishwa kwa x yake ndipo jumla iwe sifuri.

Mchangiaji mwingine, Shela
Naongezea kwamba wastani wako si kosa, ndugu: ungekuwa bora endapo mtawanyiko wa makosa ungekua sambamba na saa. Kama ni variansi (mraba wa mtawanyiko huo) ndiyo ikuayo hivyo, gawanya jumla ya y − 2 kwa jumla ya saa, 65/7, upate 9.29, mimi, kwa nijuavyo upepo wa kusi, naelemea huko. Ukishika 9.19, variansi ya makosa ni 3.24, jumla ya miraba ya mabaki, kugawanya kwa 2, kwa kuwa kati ya safari tatu umekadiria parameta moja tu (b), na kosa sanifu la b, yaani kiasi ambacho kadirio huweza kuyumba, ni 0.28, hivyo safari tatu haziwezi kuyatenganisha majibu haya. La kuangaliwa zaidi ni a yenyewe: kila lita unayoiongeza humo hupunguza b kwa 7/21, na ndiyo maana a ikiwa 3 badala ya 2, 9.19 ikitolewa 0.33 hubaki 8.86 ya programu.

Mwenye uzi
Ahsanteni sana. Zile lita 2 tulizipima maji yakiwa yamejaa. Nitazipima tena yakipwa.