Maneno mafupi ya Kiingereza yenye Q isiyofuatwa na U, naomba na maana zake

Mnkuhungu_halisi:
Wakuu mbukwenyi. Naombeni msaada maana jana usiku nimemkosea mtoto na hadi sa hivi roho inaniuma. Hapa kwetu Nkuhungu, Dodoma, jioni tukishakula tunakaa sebuleni na watoto wa kaka tunacheza Scrabble, ule mchezo wa kupanga maneno ya Kiingereza kwa vipande vya herufi, kila herufi na pointi zake, seti yenyewe ya mtumba, kipande cha Q kilishapotea siku nyingi tukakata kingine kwenye boksi la sabuni tukaandika Q kwa peni. Sasa jana huyu wa darasa la sita kapanga QAT, mi nikamkatalia palepale, nikamwambia hakuna neno la hivyo, Q lazima ifuatwe na U, ndo tulivyofundishwa, queen, quick, question. Akaniambia ba mdogo mi nimeliona kwenye dikshenari. Nikamwambia toa. Akatoa kimyakimya, akabaki na ile Q ya boksi mkononi mpaka mwisho, akakatwa pointi 10 na mimi niliyemaliza vipande nikaongezewa hizohizo 10, nikamfunga kwa pointi 6. Alivyoenda kulala nikaingia Google, aisee neno lipo!

Nipeni maneno mafupi ya aina hiyo lakini na maana zake kabisa, sitaki kukariri kama kasuku alafu mtoto akiniuliza nikodoe macho. Nataka leo nimwombe radhi nikiwa na cha kumfundisha.

jirani_wa_AreaC:
Anza na QI mkuu, hilo ndo la kuokolea jahazi. Herufi mbili tu, pointi 11. Ni ile nguvu ya uhai ambayo Wachina wanasema inapita mwilini, linatamkwa "chii". Wachezaji wa Marekani wameruhusiwa kulitumia tangu 2006. Q ipo moja tu kati ya vipande 100 na U zipo nne, kwahiyo ukisubiri U kila siku utalala nayo.

Tichaa_Makole:
Mkuu usijilaumu sana, hiyo kanuni tumefundishwa wote na mimi mwenyewe nimeifundisha miaka, ila naomba nikueleze ilikotoka maana ukijua chanzo maneno yenyewe yanakaa kichwani bila kukariri.

Waingereza wa zamani walikuwa hawaandiki qu. Malkia waliandika cwen, na quick waliandika cwic, ambayo maana yake ya kwanza ilikuwa "hai". Ni karibu sawa na sisi tunavyoandika kw. Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza mwaka 1066 waandishi wao wakaja na mtindo wa Kifaransa, cw ikageuzwa qu. Kwahiyo Q na U ni ndugu kwenye maneno yaliyopitia mkono huo. Maneno yaliyoingia Kiingereza kwa njia nyingine hayahusiki kabisa na undugu huo, na mengi kati ya hayo yametoka Kiarabu. Na hapo ndo utamu ulipo, kwasababu Mswahili anayajua tayari! Sisi tuliyapokea tukayaandika kwa K, Mwingereza kaacha Q.

QADI ni kadhi, yule hakimu wa sheria za Kiislamu. SUQ ni soko, neno lilelile, sema wao wanamaanisha soko la huko Uarabuni. WAQF ni wakfu, mali iliyotolewa kwa ajili ya dini au kusaidia watu, hilo lina pointi 19 na limo kwenye orodha ya Collins, ile ya maneno yanayoruhusiwa kwenye Scrabble. TALAQ ni talaka. FAQIR hapo kuwa makini kidogo, kwetu fakiri ni maskini, kwa Kiingereza ni mtu wa dini aliyeacha mali akaishi kwa kuombaomba. QAID ni kiongozi au chifu, hili sisi hatulitumii.

Alafu kuna QANAT, hili nalipenda kuliko yote maana mimi nimekulia kwenye ukame huuhuu wetu wa kuchota maji mbali. Ni mfereji unaochimbwa chini ya ardhi kuleta maji kutoka mlimani hadi bondeni, maji yanashuka yenyewe bila pampu na jua haliyafikii. Iran wanayo ya tangu zama za kale. Mwambie mtoto achore, hatolisahau.

Na QAT aliyoipanga ni mirungi, ile mimea wanayotafuna Yemen, Ethiopia na Somalia. Mwambie ukweli ni nini na kwamba hapa kwetu ni marufuku, neno halina kosa.

binti_wa_chuoni:
Mwalimu umenifurahisha mno. Sisi tuliosoma madrasa hapo hatuhangaiki, kuna qaf na kuna kaf, herufi mbili za Kiarabu tofauti kabisa, qaf unaitolea nyuma kooni na ustadhi alikuwa haendelei na aya mpaka uitoe sawasawa. Kila ukiona Q peke yake kwenye maneno hayo ya Kiarabu jua hapo pana qaf. Ongezeni na NIQAB, ile nikabu.

mzee_wa_Kondoa:
Na Iraq je? Qatar?

jirani_wa_AreaC:
Hapana mzee wangu, majina ya nchi, miji na watu hayaruhusiwi.

Mnkuhungu_halisi:
Mwalimu shikamoo, na wote asanteni sana. Nimemwomba radhi mbele ya wenzake, nikamwambia neno lako lilikuwa sahihi na mimi ndo nilikuwa sijui. Akanyamaza kidogo, alafu akaniuliza, "Kwahiyo ba mdogo jana nilishinda?" Tukachukua karatasi ya jana, tukarudisha zile 10 alizokatwa, tukaondoa 10 nilizoongezewa, tukampa 12 za QAT. Kanifunga kwa pointi 26, nimesaini chini.

Maneno yote kayaandika kwenye daftari na maana zake kwa maneno yake mwenyewe. Kwenye suq kaandika: soko, kama Majengo.