Naomba ushauri: kupiga mbizi Mombasa siku tano, kisha treni ya usiku hadi Nairobi

Shangazi wa Embakasi

Hamjambo wanajukwaa. Mwezi wa pili, Mungu akipenda, nateremka Mombasa na mtoto wa kaka yangu, ana miaka 13. Mwaka mzima tumekuwa tukiogelea bwawani kila Jumamosi, na sasa ananishinda. Tunataka kujifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, tupate cheti cha kwanza sote wawili.

Tutalala Nyali. Mpango wangu ni huu: tunafika Jumamosi, tunasoma Jumapili hadi Jumanne, Jumatano alfajiri tunaenda Kisite, ile hifadhi ya bahari kule Shimoni, na usiku huohuo tunapanda treni ya SGR kwa sababu Alhamisi naingia kazini. Tukipata nafasi, tungependa pia kuiona ile meli iliyozamishwa, MV Dania.

Bahari ya Februari ikoje? Tena mtoto alikuwa na pumu. Mara ya mwisho kutumia pampu alikuwa darasa la pili. Je, niseme au ninyamaze wasije wakamkataa? Nimekabidhiwa mtoto wa watu, nisaidieni.

Maji Mafu

Shangazi, karibu kwetu. Mwezi umechagua vizuri. Februari ni kaskazi, maji ni ya joto na kwa kawaida ni maangavu kuliko wakati wa kusi. Ungekuja Juni au Julai ningekwambia ubaki Nairobi.

Ila kabla ya kukata tiketi angalia mwezi, sina maana ya kalenda, namaanisha mwezi wa mbinguni. Ukiandama, na ukiwa mpevu, huwa ni bamvua. Kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, na yote hayo hupita kwenye milango ya mwamba. Mkondo unakuwa mkali, na yakipwa hutoka na mchanga wote wa ufukweni. Mwanafunzi hahitaji hayo. Njoo siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Mimi nimelelewa na wavuvi na hata leo siingii majini kabla ya kujua mwezi una siku ngapi.

Daktari wa Pwani

Kuhusu pumu: sema. Tafadhali sema. Kabla ya kozi mtajaza fomu ya afya, na swali la pumu limo. Ukijibu ndiyo, watataka sahihi ya daktari kabla mtoto hajaingia majini. Basi mpeleke kwa daktari hukohuko Nairobi wiki mbili kabla, apimwe mapafu, mje na karatasi mkononi. Mkisubiri hadi Mombasa mtapoteza siku nzima.

Sababu si urasimu. Hewa unayovuta ukiwa mita 10 chini huongezeka maradufu ukipanda juu. Ikinaswa kwenye mrija wa pafu uliobana, pafu linaweza kupasuka. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni kutozuia pumzi kamwe.

Na mafua pia. Mwaka mmoja nilishuka nikiwa na pua iliyoziba, kiongozi wetu akaniambia nimeze kidonge, nitazoea. Kufika mita 6 sikio la kushoto lilianza kulia kama karatasi inayokunjwa, kisha maumivu. Sikusikia vizuri kwa wiki tatu. Mfundishe mtoto kubana pua na kupuliza polepole tangu mita ya kwanza, asingoje liume.

Nanga

MV Dania iache. Ilizamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makao ya samaki, na imelala kwenye mchanga wa kama mita 30. Cheti cha kwanza mwisho wake ni mita 18, na kwa umri wake mtoto lazima awe na mtu mzima mwenye cheti. Meli haiendi kokote. Kisite itawatosha: kasa, makundi ya changu, na pomboo mkibahatika.

Mkikabidhiwa mitungi, fanyeni hivi mbele ya mwalimu. Vuta pumzi tatu nne kwenye regulata, kile kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa, huku macho yako kwenye geji inayoonyesha shinikizo la mtungi. Sindano ikiruka kila unapovuta, valvu haijafunguliwa vizuri. Nusa hewa pia: ikiwa na harufu ya moshi au mafuta, rudisha mtungi. Ulizia oksijeni ya dharura iko wapi kwenye boti, wakuoneshe chupa yenyewe kwa macho.

Shangazi wa Embakasi

Nawashukuru sana. Daktari nimeshampigia. Kumbe hata siku ya kurudi nimepanga vizuri kwa kuwa hatupandi ndege, sivyo? Nimesoma kwamba ndege ndiyo mbaya baada ya kuzamia.

Maji Mafu

Hapana shangazi, hapo simama kidogo. Hilo la treni ndilo lililonifanya nirudi hapa.

Shida si ndege, ni kimo. Ukizamia, naitrojeni ya hewa huingia mwilini kwa shinikizo na hutoka taratibu. Shinikizo likishuka ghafla hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa, na povu hilo likiingia kwenye viungo au uti wa mgongo ni balaa. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na treni inakufikisha kwa saa tano sita hivi. Mwili haujui kama umepanda kwa mabawa au kwa reli. Kanuni ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau 18 ukizamia mara kadhaa au siku mfululizo, kama nyinyi.

Someni nadharia nyumbani kwenye intaneti, mpate siku moja. Bwawa Jumapili, mbizi nne za kozi Jumapili mchana na Jumatatu, Kisite Jumanne. Jumatano msiguse mtungi. Mkitoka Kisite saa nane mchana Jumanne, usiku wa Jumatano mtakuwa mmepita saa 18 kwa mbali.

Daktari wa Pwani

Nakubali kila neno. Na mkifika nyumbani mmoja akisikia ganzi, maumivu ya bega au kizunguzungu, msidhani ni uchovu wa safari. Nendeni hospitali na mseme mlizamia, na lini.

Shangazi wa Embakasi

Mikono imenitetemeka nikisoma. Nimezungumza na mkuu wangu wa kazi, na nimebadilisha: mbizi ya mwisho ni Jumanne. Jumatano nitampeleka Fort Jesus, kisha tutafute mahamri na mbaazi Mji wa Kale. Tarehe nimezihamisha hadi mwezi utakapokuwa nusu.

Nanga

Mahamri ni ya asubuhi, shangazi. Anzeni nayo, Fort Jesus baadaye.