Naomba ushauri: pampu ya majitaka kwa jengo la apatimenti 24, chemba ya mtaa iko juu kuliko kiwanja

Kiwanja_Bondeni
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia jengo la ghorofa Dar, apatimenti 24, kila moja ina choo kimoja, bafu, beseni na sinki la jikoni. Chemba ya majitaka ya mtaa iko mita 140 kutoka uani, na iko juu ya uwanja wetu kwa mita 5.3. Karo letu la lita 12,000 halikai bila kujaa, na magari ya kunyonya yanatumaliza. Fundi anasema tuchimbe tanki la lita 20,000, pampu moja ya hosipawa 5, bomba la inchi 2. Masika maji ya ardhini tunayakuta mita moja tu chini. Nikosoeni kabla hela haijatoka.

Bwana_Hesabu
Mkuu, fundi ameanzia mwisho. Anza na maji yanayoingia.

Chukua watu 4 kwa apatimenti, lita 120 kwa mtu, na asilimia 80 igeuke majitaka: ni kama lita 9,200 kwa siku. Ukizigawa sawasawa kwa saa 24 unapata lita 0.1 kwa sekunde, na namba hiyo ndiyo inayopoteza watu, kwa sababu saa 12 asubuhi jengo zima liko bafuni. Kilele kipige kwa vifaa, kila kimoja na kipimo chake cha kumwaga kwa lita kwa sekunde: choo 2, bafu 0.6, sinki 0.8, beseni 0.5, jumla 3.9 kwa apatimenti. Mara 24 ni 93.6. Kipeuo chake cha pili ni 9.7, zidisha kwa 0.5 ya makazi (maana vyote havitumiki kwa pamoja), unapata lita 4.8 kwa sekunde. Kadiria 5.

Sasa bomba. Majitaka mabichi yanataka mwendo usiopungua mita 0.7 kwa sekunde, la sivyo mchanga na kinyesi vinalala ndani. HDPE (bomba la plastiki ngumu) ya milimita 90, PN10 (inayohimili baa 10), ina uwazi wa ndani wa kama 79: lita 5 zinapita kwa mita 1 kwa sekunde, na msuguano wa mita 140 unakula mita 2 tu za mwinuko. Inchi 2 ya fundi (milimita 63, uwazi 55) inakula zaidi ya mita 11 kwa maji yaleyale. Ndiyo maana akahitaji hosipawa 5.

Kimo cha kusukuma: mita 5.3 za mtaa, jumlisha 2.15 kutoka uwanjani hadi usawa ambapo pampu inazima, 2 za msuguano, na karibu 1 ya valvu, viwiko na akiba. Inakuja 10.5. Pampu ya kilowati 2.2 inatosha, lakini ziwe MBILI, zipokezane kila zinapowaka. Moja ikiziba jengo linaendelea.

Mchundo_Temeke
Naongezea tu: impela (gurudumu la pampu linalosukuma maji) iwe ya voteksi, inayosukuma kwa kizingia cha maji, au ya mfereji mmoja mpana, ipitishe donge la milimita 65 na zaidi. Pampu ya maji safi usiitumbukize humo hata kwa siku moja. Pedi na vitambaa vya kufutia watoto vitaifunga.

Mimi ningeweka bomba la 110 kwa usalama.

Bwana_Hesabu
Hapana Mchundo. 110 ina uwazi wa milimita 97, kwa lita 5 mwendo unashuka hadi 0.68. Uko chini ya mpaka na pampu ikianza kuchakaa utashuka zaidi. Bomba kubwa hapa ndilo litakaloziba.

Mama_Chemba
Mtoa mada, tanki la lita 20,000 achana nalo. Majitaka yako yatalala humo siku mbili, yataoza, gesi ya hidrojeni salfaidi itakula zege na wapangaji watakuja juu kwa harufu. Shimo la pampu halihifadhi, linapitisha. Kwa pampu ya lita 5 inayowaka si zaidi ya mara 10 kwa saa, ujazo kati ya kuwaka na kuzima ni lita 5 mara sekunde 360 (saa moja gawa kwa 10), gawa kwa 4: lita 450.

Tumia pete za zege zenye kipenyo cha ndani cha mita 1.5. Kutoka sakafuni: boya (swichi inayoelea) la kuzima sentimita 45 (hakikisha pampu yako inaruhusu usawa huo), la kuwasha 75, la kuwasha pampu ya pili 90, la king'ora 105. Bomba linaloingia lisiwe chini ya sentimita 120. Kona za sakafu zimwage zege kwa mteremko kuelekea pampu, uchafu usipate pa kukaa.

Valvu za kuzuia maji kurudi ziwe za mpira unaoviringika, na geti valvu zifuate BAADA yake. Zote zikae kwenye chemba kavu pembeni. Ukizizika ndani ya shimo, siku ya kuzisafisha utamshusha mtu kwenye gesi. Pampu zikae kwenye reli, zivutwe kwa mnyororo wa chuma kisichoshika kutu. Hakuna mtu kuingia humo bila kipima gesi, mkanda na wenzake juu. Anayemfuata aliyezimia huwa anafia hapohapo.

Maji ya ardhini nayo si ya kupuuza. Yakipanda hadi usawa wa uwanja, shimo tupu la kina cha karibu mita 3 linasukumwa juu na tani zaidi ya 6, pete na sakafu ya kawaida hazifiki tani 5. Panua sakafu sentimita 30 kila upande, udongo uikalie.

Mchundo_Temeke
Kuna njia nyingine. Karo libaki lichuje, usukume maji ya juu tu kwa lita 2 kwa sekunde. Hapo bomba la 63 la fundi linafaa: mwendo 0.8, msuguano mita 2. Pampu inakuwa ndogo.

Mama_Chemba
Inafanya kazi, ila tope la karo bado utalinyonya, na umeme ukikatika karo lililojaa halikusaidii. Ningelimwaga, nilioshe, nilifanye la dharura: bomba la 160 juu kidogo ya boya la king'ora literemke kwenda humo. Lita 12,000 ni zaidi ya siku moja ya jengo lenu, ila hesabu tu sehemu ya karo iliyo chini ya bomba hilo. Umeme ukirudi, pampu ndogo inarudisha.

Kiwanja_Bondeni
Asanteni sana. Jenereta je? Na maji ya paa, naweza kuyaingiza humo humo? Halafu ghorofa ya juu bafu linachuruzika tu, tanki liko mita 2 juu yake.

Bwana_Hesabu
Jenereta ya kVA 10 inawasha pampu moja bila kuhema. Paneli iwe na kinga ya fezi kukosekana, na maungio ya nyaya yawe nje ya shimo.

Maji ya paa marufuku. Paa la mita za mraba 400 kwenye mvua ya milimita 50 kwa saa linaleta lita 5.5 kwa sekunde, zaidi ya jengo zima. Na kibali cha DAWASA (mamlaka ya maji na majitaka ya Dar) kichukue kabla ya kuchimba.

Ghorofa ya juu: mita 2 ni baa 0.2, bafu linataka angalau 1. Weka pampu ya presha kwa apatimenti za juu tu, ivute kutoka tanki la paa, na boya la kuizima tanki likikauka. Kuwaka baa 1.5, kuzima 2.5, pamoja na tungi la presha la lita 60, ambalo litakupa kama lita 16 kabla pampu haijawaka. Hewa ya tungi iwe baa 1.3. Ipime pampu ikiwa imezimwa na maji yote yametolewa kwenye tungi. Likiwa na maji, geji itakusomea presha ya maji.