Tupeane uzoefu: Chombo kilipinduka ukiwa ndani, ulitokaje?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa waliowahi kuwa ndani ya chombo kikapinduka majini, na wa wanaofanya kazi ya uokoaji. Nani alikosea tuliache. Nataka kujua ulitokaje: ulishika nini, ulipita wapi, nini kilikuchelewesha.

Nimesoma sana habari za ajali hizi na dakika za mwanzo ndizo zinazonisumbua. Herald of Free Enterprise ilitoka Zeebrugge, Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987, milango ya omo, yaani ya mbele ya meli, ikiwa wazi. Maji yaliingia sitaha ya magari, meli ikalala ubavu ndani ya sekunde 90 hivi, watu 193 wakafa. Meli ya Estonia, Bahari ya Baltiki, usiku wa 28 Septemba 1994: walikufa 852, wakaokoka 137. Wengi wa waliookoka walitoka vyumbani meli ilipoanza tu kuinama. Waliochelewa kidogo walikuta ngazi na korido hazipitiki. Aliyepitia atueleze.

Abiria wa sitaha ya chini

Mkuu, ahsante kwa kulifungua hili. Yangu ilikuwa boti ya abiria ya sitaha mbili. Tunakaribia kufika, watu wakaanza kusimama na kusogea upande wa gati ili wawahi kushuka. Boti ikainama. Siku zote ikiinama hurudi; safari ile ikabaki pale pale. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akaniambia, "Mwanangu, toka." Hakupiga kelele hata kidogo. Nikanyanyuka, nikafika kwenye ngazi, ikageuka.

Watu hudhani kinachotisha ni maji. Mimi kilichonitisha ni kutojua juu ni wapi na chini ni wapi. Taa zilizimika, sakafu ikawa ukuta, halafu ikawa dari, na mizigo na watu wote wakamwagika upande mmoja. Kilichonisaidia ni bomba la ngazi. Nilikuwa nimelishika kwa mkono wa kushoto na sikuliachia. Nilijua ngazi inaelekea wapi, basi nikalifuata bomba gizani, mkono mmoja haubanduki mpaka wa pili umeshika.

Sasa sikilizeni hapa. Ngazi ya kupanda ilikuwa imegeuka ya kushuka. Ili nitoke nje ilibidi nizame zaidi, na mwili mzima ulikuwa unakataa. Nilipofika mwisho wa bomba nilihisi reli ya sitaha mgongoni. Nikaisukuma kwa miguu niende pembeni, kwa sababu juu ya kichwa changu bado kulikuwa na boti. Nilipoona weupe wa maji ndipo nikauacha mwili uende juu. Yule mama naye alitoka. Vijana waliokuwa wameshapanda juu ya tumbo la boti walimvuta kwa mikono.

Fundi wa mitambo ya gesi baharini

Pole sana, ndugu. Hilo la kutoachia bomba ndilo tunalofundishwa sisi tunaopelekwa kazini kwa helikopta. Wanakufunga mkanda kwenye kibanda cha mfano wa helikopta, kinashushwa bwawani, kinapinduliwa. Mkono mmoja uko kwenye fremu ya dirisha, wa pili kwenye kifungo cha mkanda, na hufungui mpaka kibanda kitulie. Ukifungua kikiwa bado kinazunguka, maji yanakubeba na dirisha hulioni tena. Ukiwa kichwa chini pua hujaa maji, inauma, unahisi unakufa kumbe pumzi bado unayo. Aliyelijua hilo mapema hapotezi sekunde. Tangu nifundishwe, kila chombo ninachopanda nahesabu safu za viti kati yangu na mlango, kwa kuzigusa.

Msafiri

Naomba kuuliza. Jaketi okozi nivae nikiwa ndani au nje? Nasikia aliyevaa ndani hunasa darini.

Baharia mstaafu

Dada, ulichosikia ni kweli, ila kisikufanye usivae. Jaketi la povu huelea upende usipende. Chumba kikishajaa maji linakubandika darini na huwezi kuzama ufikie mlango. La kujazwa upepo ni baya zaidi ukivuta kamba ukiwa ndani. Kwa hiyo vaa mapema, funga mikanda yote, kisha utoke uende kituo cha kukusanyika. La upepo lijaze ukishakuwa nje. Ukikutwa chini na njia ya kutokea imeshazama, libebe mkononi, na likikuzuia liache. La mtoto hakikisha mkanda wa kati ya miguu umefungwa, maana bila huo akiingia majini jaketi linapanda usoni.

Kuhusu kuinama. Meli inayolala na kurudi upesi isikutishe. Iogope inayorudi kwa uvivu, inayokaa kidogo mwisho wa mlalo kabla haijarudi, au iliyobaki upande mmoja. Hapo kuna maji ndani au shehena imehama. Maji yaliyotapakaa sitahani hukimbilia upande ulioinama na kuzidi kuuvuta, ndiyo maana mwisho wake huja ghafla. Toka wakati sakafu bado inatembeka, elekea upande ulioinuka, begi liache. Meli ikishalala, korido zinazoikata kutoka ubavu hadi ubavu hugeuka visima. Kwenye Herald kuna abiria alijilaza juu ya pengo la namna hiyo, watu wakavuka wakipita juu ya mgongo wake.

Ukisikia honi fupi 7 na moja ndefu, hiyo ndiyo ishara ya dharura kwenye meli. Usianze kuulizana na jirani.

Na la mwisho, ambalo najua wenzangu wengine hawatalipenda. Sewol, Korea Kusini, 16 Aprili 2014: abiria walitangaziwa tena na tena wabaki walipo huku meli ikizidi kulala. Walikufa 304, wengi wao wanafunzi. Nimeishi kwa amri za melini na naziheshimu. Lakini meli ikiwa imelala na hairudi, amri ya kukuweka chini ya sitaha mimi sikuambii uitii.

Mpiga mbizi wa uokoaji

Niwasemee wanaobaki ndani. Mei 2013 boti ya kuvuta meli, Jascon-4, ilipinduka nje ya pwani ya Nigeria. Mpishi wake alikaa kwenye hewa iliyonaswa, kina cha mita 30 hivi, kwa takribani saa 60, akajitengenezea jukwaa la magodoro ili mwili utoke majini. Wapiga mbizi waliokuja kutafuta miili ndio waliomkuta. MV Nyerere ilipopinduka Septemba 2018, fundi wake alitolewa hai siku mbili baadaye. Lakini msiifanye hewa hiyo kuwa mpango. Pumzi zako mwenyewe zinaichafua, na baridi inakula nguvu. Njia ikiwepo, toka. Isipokuwepo, pandisha mwili juu ya maji, gonga chuma kwa kitu kigumu, nyamaza usikilize, gonga tena.

Na sisi wa nje tusikurupuke kukata. MV Bukoba, Ziwa Victoria, 21 Mei 1996, lilikatwa tundu ili watu watolewe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, ikazama nao.

Kazi moja siisahau. Kijana alikuwa hai ndani ya chombo kilichopinduka. Kumfikia haikuwa shida. Shida ilikuwa kumfanya akubali kuzama tena. Nilimvalisha kinyago, nikamwachia avute pumzi palepale, uso ukiwa majini, mpaka aamini kwamba hewa inakuja. Mikono yake ilinibana shingo. Nikaitoa taratibu, nikaiweka kwenye kamba. Wakati wa kupanda nilikuwa nikimgonga kifuani aendelee kutoa pumzi, kwa kuwa hewa iliyovutwa chini hutanuka unavyopanda, na ukiibana hupasua mapafu.

Nesi

Maji yakiwa ya baridi, dakika ya kwanza utahema bila kujizuia. Usianze kuogelea, elea tu, kinga mdomo mpaka pumzi itulie. Vidole vinabaki na nguvu dakika 10 hivi, vitumie kufunga mikanda au kupanda boya. Baada ya hapo kunja magoti kifuani. Mkiwa kundi shikamaneni, watoto katikati. Aliyetolewa baada ya kukaa sana majini alazwe, asisimamishwe wala kutembezwa, anaweza kuzimia papo hapo.

Msafiri

Nashukuru wote. Baharia, nikiwa na watoto wawili?

Baharia mstaafu

Kaeni sitaha ya juu, karibu na mlango wa nje, hata kama kuna upepo. Kabla chombo hakijang'oa nanga kubalianeni kwa sauti nani anamshika nani, na kila mtoto awe na mtu mzima wake. Ukiwa peke yako nao, mwombe jirani mapema, hapohapo mnapokaa. Majaketi ya watoto yaulize siku hiyo hiyo, wavalishe uone yanawakaa, na yawe miguuni pako safari nzima.