Tupeane uzoefu: nani mwingine ameanza kutafiti jeraha lake mwenyewe?

Mtoto wa Majengo
Ndugu zangu, ninaandika tasnifu kuhusu namna manusura wanavyofarijiana kwa ujumbe wa simu, na swali la profesa wangu, "Kwa nini wewe?", limenirudisha Mei 2021. Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji wetu wa Goma, Kongo, ilipasuka jioni ya tarehe 22. Tarehe 27 ikatoka amri ya kuhama, nasi tukajikuta kwenye barabara ya Sake na magodoro kichwani, mama akiwa ameelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Katika kikundi cha WhatsApp cha mtaa wetu, mzee mmoja alituma sauti ya sekunde tisa: pumzi, jogoo akiwika, kisha "Ni mimi, bado niko." Nimeihifadhi hadi leo. Kwa majuma mengi, kila ardhi ilipotikisika usiku, mtu aliandika neno moja tu, "Mmesikia?", na majibu yakaja mfululizo hadi usingizi ukarudi. Nilitaka kujua ni nini hasa kilichokuwa kinatutuliza.

Wa Katindo
Kweli kabisa. Hata kwetu "Mmesikia?" ndiyo iliyokuwa dawa.

Mwalimu Himbi
Anza na utafiti wa wanasaikolojia Pennebaker na Beall, Marekani, 1986. Wanafunzi waliandika juu ya mambo mazito ya maisha yao dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, na waliochanganya tukio na hisia zao walikwenda kutibiwa mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Waandikishe watu wako.

Nesi wa Ndosho
Mwalimu, samahani, wanafunzi hao hawakuwa wametoka kukimbia lava. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu aliyetoka punde katika tukio la kutisha asiketishwe na kusimulishwa yote eti ndiyo kinga ya kiwewe. Aseme atakapotaka.

Mwalimu Himbi
Sikusema walazimishwe, Nesi. Soma tena nilichoandika.

Mama Birere
Mnabishana, nami mmenikumbusha 17 Januari 2002. Sikuwa na simu. Lava ilipita katikati ya mji, na katika msongamano nikauachia mkono wa mwanangu wa miaka sita. Siku kumi na moja nilizunguka Gisenyi, kutoka kanisa hadi msikiti, nikilitaja jina lake na shati lake la kijani. Siku ya kumi na mbili mwanamke nisiyemjua akaniambia, "Shati la kijani? Yuko kwangu, anakula viazi." Mwanangu anaamini kwamba watu walitusukuma tukatengana. Ni mimi niliyeachia, ili nimshike mdogo wake. Sijawahi kumwambia.

Wa Katindo
Pole sana, mama. Mwambie leo hii.

Nesi wa Ndosho
Asiharakishwe.

Mtoto wa Majengo
Mama, bila ruhusa yako sitaliandika neno lako hata moja katika tasnifu.

Mama Birere
Liandike, mwanangu. Ila shati liondoe, atalitambua.