Kwenye mkataba wa biashara huria, mkulima aulize nini?

Katibu wa Ushirika, Rungwe

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Mimi ni katibu wa ushirika mdogo wa wakulima wa parachichi, na wiki mbili zijazo nitawawakilisha wenzangu Mbeya mjini kwenye kikao cha wadau kuhusu mikataba ya biashara huria. Nimetumiwa muhtasari wa kurasa mbili unaosifu masoko yatakayofunguka, na nilipoomba andiko lenyewe nilijibiwa kwamba bado ni siri ya mazungumzo. Nitapewa dakika tano za kusema.

Wanachama wangu hawapingi soko, kwani fedha ya parachichi imeezeka nyumba nyingi hapa kwetu. Ila tumejifunza kwamba anayeandika masharti ndiye mwenye soko. Msimu uliopita nilisimama kando ya meza ya kuchambulia matunda nikaona kreti za mzee mmoja zikirudishwa zote. Matunda yalikuwa mazima, ila daftari lake la kupulizia dawa lilikuwa na mstari mmoja ambao haukujazwa tarehe. Mnunuzi alisema hayo ndiyo masharti ya Ulaya. Nilipofuatilia, niligundua kwamba kanuni kubwa ya aina hiyo, inayoitwa leo GlobalG.A.P., ilianzishwa mwaka 1997 na wenye maduka makubwa, wala haikupitia bunge lolote. Ikiwa wafanyabiashara wakubwa wanaweza kutuwekea masharti hivyo bila mkataba, ndani ya mkataba wanaandika nini? Kwa dakika zangu tano, niulize nini?

Mwalimu Mstaafu, Iringa

Marahaba, mwanangu. Hofu yako ina msingi. Ushuru ni sehemu ndogo tu ya mikataba ya siku hizi. Sura nene zinahusu hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa, uwekezaji, zabuni za serikali na viwango, na huko ndiko makampuni yanakoishika kalamu. Mwaka 1986 makampuni kadhaa makubwa ya Marekani, yakiwemo Pfizer na IBM, yaliunda kamati yao ya kusukuma haki za hataza na ubunifu ziingizwe kwenye mazungumzo ya biashara ya dunia, na mwaka 1994 kule Marrakesh jambo hilo likatiwa saini kama sehemu ya kanuni za Shirika la Biashara Duniani. Nchi zenye maendeleo duni, yetu ikiwa mojawapo, zimepewa muhula hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kuzitekeleza kikamilifu.

Sasa tazama mbegu. Muhula huo upo, lakini Tanzania ilijiunga mwaka 2015 na UPOV, muungano wa kimataifa unaolinda haki za wanaozalisha aina mpya za mimea. Mbegu za kienyeji za bibi yako hazimo humo, ila aina iliyosajiliwa huwezi kuizalisha na kuiuza kama mbegu bila ruhusa ya mwenye haki.

Ndiyo maana mwaka 2016 nilifurahi Tanzania ilipokataa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, ambao Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliupinga hadharani. Ulitutaka tuondoe ushuru, kwa hatua, ndani ya miaka 25, kwenye asilimia 82.6 ya bidhaa zinazotoka Ulaya, na ulibana uwezo wa nchi kuweka kodi mpya kwenye malighafi zinazosafirishwa nje, ilhali sisi, kama nchi yenye maendeleo duni, tangu mwaka 2001 tulikuwa tukiuza Ulaya bila ushuru kila kitu isipokuwa silaha. Kenya haimo kwenye kundi hilo la nchi maskini zaidi, na bila mkataba maua yake yangetozwa ushuru, kwa hiyo silaumu uamuzi wake wa kusaini.

Mfanyabiashara wa Ndizi, Kyela

Mwalimu, shikamoo. Naheshimu maelezo yako, lakini namwomba dada Katibu asiende Mbeya kuipinga biashara huria, kwa sababu sisi wa mpakani tunaumia inapokosekana. Mwezi Machi 2025 Malawi ilizuia kuingizwa kwa bidhaa kadhaa, ikiwemo mchele, tangawizi na ndizi, na Aprili Tanzania ikajibu kwa kuyazuia mazao ya Malawi. Nchi zote mbili ni wanachama wa SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, yenye eneo la biashara huria tangu mwaka 2008. Mikungu yangu ilikaa kwenye lori pale Kasumulu mpaka ikaiva ikapasuka, maji yake yakawa yanadondoka chini ya turubai na nyuki wakajaa. Zuio liliondolewa baadaye, lakini mzigo ulikuwa umeshakwisha. Nilipouliza nikashitaki wapi, hakuna aliyenijibu.

Wakili, Mbeya

Ndugu yangu wa Kyela, swali lako la mwisho ndilo ambalo dada Katibu anapaswa kulipeleka kikaoni.

Huna pa kushitaki chini ya SADC. Mahakama ya jumuiya hiyo, iliyokuwa Windhoek, ilikuwa ikisikiliza watu binafsi, na baada ya kuwapa haki wakulima walioishitaki Zimbabwe ilisimamishwa mwaka 2010. Itifaki ya mwaka 2014 inaziachia nchi peke yake haki ya kufungua shauri. Eneo Huru la Biashara la Afrika nalo linasikiliza migogoro ya nchi kwa nchi tu.

Sasa linganisha na kilichotokea jirani zetu wa Saza na Makongolosi. Mwaka 2017 Bunge lilirekebisha sheria ya madini na kuondoa leseni za kuhodhi maeneo, yaani za kushikilia eneo lenye madini kabla ya kuanza kulichimba. Winshear Gold, kampuni ya Canada iliyokuwa na leseni hiyo kwenye mradi wa dhahabu wa huko, iliishitaki Tanzania kwa kutumia mkataba wa kulinda uwekezaji ambao nchi yetu ilisaini na Canada mwaka 2013. Oktoba 2023 serikali ilikubali kulipa dola milioni 30 ili shauri liishe. Mkataba ule hauitwi wa biashara huria, lakini kifungu cha aina hiyohiyo huwekwa mara nyingi kwenye sura ya uwekezaji ya mikataba ya biashara. Sisemi kwamba mwekezaji hushinda kila mara, kwa kuwa mwaka 2008, katika shauri la mwekezaji wa kigeni wa huduma ya maji Dar es Salaam, wasuluhishi waliona Tanzania imekiuka mkataba lakini hawakutoa fidia yoyote. Ninachosema ni kwamba mwekezaji ana mlango wa kuingilia, na mwenye lori la ndizi hana.

Katibu wa Ushirika, Rungwe

Nawashukuru sana. Mwalimu, suala la mbegu nitaliweka kwenye maandishi nitakayoyakabidhi. Dakika zangu tano nitazitumia kwa swali moja: ndani ya mkataba huu, nani ana haki ya kumshitaki nani, wapi, na je, mkulima na mfanyabiashara mdogo wamepewa haki ileile aliyopewa mwekezaji? Nitaomba jibu lisomwe kutoka kwenye kifungu chenyewe, si kwenye muhtasari. Jumamosi tuna mkutano wa wanachama, na nitaanza kwa kuwasomea swali hili kwa Kinyakyusa, ili yule mzee wa kreti zilizorudishwa aniambie kama nimelisema sawasawa.